Uzinza, nchi ya wahunzi: Ibada iliyozaa jembe

Kwa Walongo, wahunzi wa Uzinza, tanuru la kuyeyushia chuma lilikuwa mwanamke. Kabla ya moto kuwashwa, fundi mkuu alichimba kishimo katika sakafu ya tanuru na kuzika humo dawa zake, mizizi na magome aliyofundishwa na yule aliyemtangulia. Mafundi waliokuwa kambini walijizuia na wake zao mpaka kazi iishe, kwa sababu kwa siku hizo walihesabiwa kuwa waume wa tanuru, na mume asiyetulia huharibu mimba. Mivukuto ilipigwa kwa wimbo, zamu kwa zamu. Kilichotolewa mwishoni, bonge la chuma lililogandamana na mavi yake, kilikuwa uzao.

Hayo yalifanyika hapa hapa, katika misitu ya miombo iliyotanda Chato, Biharamulo na Geita, kusini magharibi mwa Ziwa Viktoria. Wajerumani waliandika habari za wafua chuma hawa. Baadaye mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt alifanya kazi na wazee Walongo waliokuwa bado wanajua kuyeyusha, akaandika juu yao kwa kirefu katika kitabu chake kuhusu teknolojia ya chuma Afrika Mashariki kilichotoka mwaka 1997. Kwa hiyo ushahidi upo. Tatizo ni kwamba umekaa kwenye rafu za vyuo vikuu vya mbali, na kijana wa Chato akiulizwa mji wake una urithi gani, hana la kusema juu ya tanuru.

Anayo mengine ya kusema, na ni ya kweli. Atakutajia kaburi la Hayati Rais John Pombe Magufuli, aliyezikwa hapa nyumbani kwao tarehe 26 Machi 2021. Atakutajia Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyozinduliwa Julai 2019 baada ya mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi kuunganishwa kuwa eneo moja la kilomita za mraba 4,707. Atakuelekeza Kasenda, upande wa Muganza, ukapande boti ya kwenda Rubondo, kisiwa ambako sokwe walioletwa kutoka bustani za wanyama za Ulaya kati ya 1966 na 1969 waliachiwa msituni na wamezaliana mpaka leo. Yote hayo yanastahili mgeni. Lakini lililo kongwe zaidi ndani yake halijatimiza miaka 70, na watu wamekaa ufukweni huu kwa karne nyingi, wakiwa na mfalme, miungu, na kazi ya mikono iliyotafutwa na nchi zote za jirani.

Nianze na kazi hiyo.

Walongo, au Warongo kama wengine wanavyotamka, hawakuwa kabila kwa maana tuliyoizoea. Walikuwa wenye kazi. Watu wa asili mbalimbali waliingia katika uhunzi kwa kufundishwa na kupitishwa katika taratibu zake, wakazungumza lugha iliyo tawi la Kizinza, na baada ya vizazi kadhaa kazi ikawa nasaba. Kiangazi kilipoingia waliondoka vijijini kwenda kupiga kambi karibu na mawe ya chuma na miti mizuri ya mkaa. Mti si kila mti. Mkaa mwepesi huungua upesi na kuacha tanuru likiwa na njaa, na mkaa wa mti mgumu hushika moto kwa muda mrefu na kubeba uzito wa mawe yaliyo juu yake. Mirija ya udongo iliyopitisha pumzi ya mivukuto ilipaswa kuchanganywa kwa udongo usiopasuka upesi. Joto la ndani lilivuka nyuzi 1,200. Mtu mmoja akizembea kwenye mvukuto, jasho la siku nzima liligeuka kuwa jiwe lisilofaa kitu.

Ndiyo maana nashindwa kukubaliana na wanaotenga mambo haya mawili, wakisema ule ulikuwa ufundi na ule ulikuwa ushirikina. Katika kambi ya Walongo havikutengana. Miiko iliwaweka mafundi pamoja, kambini, bila kutawanyika, kwa muda wote ambao tanuru lilihitaji macho. Wimbo uliweka pumzi za mivukuto katika mwendo mmoja. Dawa iliyozikwa chini ya tanuru ilikuwa sahihi ya fundi mkuu: aliyekuwa nayo ndiye aliyebeba lawama kazi ikiharibika. Mtu anaweza kuwa Mkristo au Mwislamu safi, asiamini hata chembe kwamba mizizi huzalisha chuma, na bado akaona kwamba hapa palikuwa na utaratibu wa kazi uliopangwa kwa akili nyingi.

Na matunda yake yalikuwa jembe. Usukuma, yenye tambarare pana na misitu michache, ilihitaji majembe kuliko ilivyoweza kujitengenezea. Majembe ya Uzinza yalibebwa begani kwenda mashariki, yakavushwa kwa mitumbwi kwenda Ukerewe, yakashuka kusini hadi Unyamwezi. Yalibadilishwa kwa mbuzi na kwa nafaka. Yalihesabiwa katika mahari. Kwa hiyo jembe lililoanzia kwenye tanuru lililoitwa mwanamke liliishia kumuoa mwanamke, na nadhani wazee wa zamani waliuona mnyororo huo wazi kuliko sisi. Ukitazama ngoma ya bugobogobo ya Wasukuma, ambamo wachezaji huyarusha majembe hewani na kuyadaka kwa mpigo wa ngoma, kumbuka kwamba jembe liliwahi kuwa mali ya thamani iliyosafiri siku nyingi kabla ya kufika mikononi mwa mkulima.

Nchi iliyotoa majembe hayo ilikuwa na ufalme. Watawala wa Uzinza walijinasibisha na ukoo wa Wahinda, uzao wa Ruhinda, kama walivyofanya watawala wa Karagwe na wa sehemu kubwa ya Buhaya. Ufalme ukagawanyika, na upande wa magharibi ukawa Rusubi, ndiyo nchi ya Biharamulo. Mwingereza John Speke alipopita mwaka 1861 akitafuta chanzo cha Nile alizuiliwa huku kwa miezi, akiugua, akidaiwa hongo na mtemi mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwa Suwarora, mtawala wa Rusubi, nchi ambayo yeye aliiandika Usui. Alilalamika sana katika kitabu chake. Msomaji wa leo anaweza kusoma malalamiko hayo upande wa pili: huyu mgeni alikuwa anapita katika nchi yenye mipaka, wenyewe na ushuru.

Na ilikuwa na dini yake. Mnorwe Svein Bjerke, aliyechapisha mwaka 1981 kitabu kizima kuhusu dini na majanga kwa Wazinza, alieleza kwa makini jinsi mizimu ya Wachwezi, wale watawala wa kale wanaosimuliwa kuanzia Bunyoro hadi hapa, ilivyoheshimiwa nyumbani kwa watu, na jinsi wagonjwa walivyoingizwa katika chama cha waliopandwa na mizimu hiyo. Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba, aliheshimiwa kuanzia Buhaya hadi huku, na ni rahisi kuelewa sababu kwa yeyote aliyewahi kuona upepo ukigeuka ghafla ziwani mchana. Mambo hayo yalivuka hadi Usukuma, ambako chama cha Buswezi kilikuwa na wafuasi wengi. Sisemi haya ili mtu ayarudie. Nasema kwa sababu fundi wa chuma hakuokota miiko yake barabarani. Ilitoka katika nchi yenye elimu yake juu ya uzazi, ugonjwa, ziwa na wafu.

Kuna mji mdogo kusini mwa India ambao hunijia akilini kila ninapofikiri juu ya Walongo. Unaitwa Swamimalai, katika jimbo la Tamil Nadu, kando ya tawi la mto Kaveri, karibu na Kumbakonam. Ni mji wa hekalu. Juu ya kilima kilichojengwa kwa mikono limesimama hekalu la mungu Murugan, moja kati ya makao yake sita yanayoheshimiwa kuliko yote, na muumini hupanda ngazi 60, moja kwa kila mwaka wa mzunguko wa kalenda ya Kitamil. Chini ya kilima, katika mitaa ya kawaida kabisa, wanaishi mafundi wa metali wanaoitwa sthapati. Wahenga wao walitumikia mahekalu ya wafalme wa Chola, wale waliomaliza kujenga hekalu kuu la Thanjavur mwaka 1010, na ambao mzao wao wa karne ya 12 alijenga lile la Darasuram, kilomita chache tu kutoka Swamimalai.

Fundi wa Swamimalai huanza na nta. Anaichanganya na utomvu wa miti, anachonga mungu mzima kwa nta hiyo, na vipimo vyake hupatikana kwa kukunja ukuti wa mnazi katika sehemu sawasawa. Kisha anafunika umbo lote kwa udongo laini ulioletwa na Kaveri, tabaka juu ya tabaka. Udongo ukikauka unapashwa moto, nta inayeyuka na kutoka, na shaba iliyochanganywa na metali nyingine inamiminwa mahali palipoachwa wazi. Kalibu huvunjwa. Kwa hiyo kila sanamu ni ya peke yake, haina pacha. Mwisho kabisa, macho hufunguliwa kwa patasi ndogo katika ibada maalumu, na kabla ya hapo ile ni metali tu.

Kilichoifanya kazi hiyo iishi miaka elfu moja si mapenzi ya watalii. Sanamu kuu iliyo ndani ya hekalu la Kitamil ni ya jiwe na haiondoki mahali pake. Sikukuu inapofika, mungu hutakiwa kutoka barabarani kuwaona watu wake, pamoja na wagonjwa, vikongwe na wale ambao zamani hawakuruhusiwa kuingia ndani. Anayetoka ni yule wa shaba, anayebebeka. Maadamu sikukuu ipo, shaba inahitajika, na maadamu shaba inahitajika, mtoto wa fundi ana sababu ya kukaa karibu na baba yake na kujifunza. Wahindu waliohamia Ulaya, Amerika na kwingineko nao wamejenga mahekalu, na maagizo yao hufika katika mitaa hiyo hiyo.

Sasa rudi Uzinza uone kilichotokea. Jembe la Mlongo lilikuwa na soko kubwa kuliko sanamu yoyote, lakini soko lake lilikuwa shamba, na shamba halijali nani kafua. Meli zilipoleta majembe ya kiwandani kutoka Ulaya, yakiwa mengi na ya bei ndogo, mkulima wa Usukuma alinunua lililo rahisi, na mimi ningefanya vivyo hivyo. Serikali za kikoloni ziliweka mipaka katika misitu iliyotoa mkaa. Kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu na pamba ikawa njia ya kuipata. Baada ya uhuru kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, UFI, kilichojengwa kwa msaada wa China, kikaanza kutoa majembe kwa nchi nzima. Tukajivunia, na tulikuwa na haki ya kujivunia. Lakini hakuna aliyeuliza katika mikutano ya kiwanda kile kama wako watu nchini waliokuwa wakiyeyusha chuma kutoka kwenye jiwe bila kuagiza kitu chochote kutoka ng'ambo. Kuyeyusha kukakoma. Wahunzi waliobaki wakawa wanafua vyuma chakavu, springi za magari na nondo.

Kuna sababu nyingine ya ukimya, na sitaki kuipita kwa mguu mwepesi. Katika mikoa yetu hii ya Shinyanga, Geita na Mwanza neno dawa limechafuka kwa damu. Tumeua bibi zetu kwa sababu ya macho mekundu, tukiwaita wachawi. Ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa, kwa sababu waganga waliwadanganya wachimbaji wa dhahabu na wavuvi kwamba viungo vya binadamu vinaleta utajiri. Septemba 2009 mahakama mjini Kahama ilitoa hukumu ya kwanza ya kifo kwa wauaji wa mtu mwenye ualbino. Mzee anayejua ni nini kilizikwa chini ya tanuru la babu yake ana kila sababu ya kunyamaza katika mazingira hayo. Nani ataelewa kwamba anazungumzia mizizi na magome, na kazi ya pamoja iliyolisha nchi nzima? Kunyamaza kwake ni busara, ila kuna gharama. Tukiacha mganga tapeli awe ndiye msemaji pekee wa mambo ya kale, atasema chochote kinachomletea pesa, na hatuna mzee wa kumkanusha. Kuandika kwa uwazi kile Walongo walichofanya, na kile ambacho hawakufanya, ni sehemu ya vita dhidi ya mauaji hayo.

Wanaosema haiwezekani nawaelekeza Katuruka, kijiji cha Maruku karibu na mji wa Bukoba. Hapo palikuwa na ikulu ya mfalme Rugomora Mahe, na mti mkubwa ulioitwa Kaiija. Wazee walisimulia kwamba mfalme huyo aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni, mnara ukaanguka, na masalia ya uhunzi yamelala chini ya mti. Schmidt, akiwa mtafiti kijana, alifika mwaka 1969 akawasikiliza, kisha akachimba pale pale walipomwonyesha. Alikuta masalia ya ufuaji chuma ambayo vipimo viliyapa umri wa karne kadhaa kabla ya Kristo. Wapo wanaakiolojia wanaobishana juu ya tarehe za mwanzo kabisa, lakini hakuna anayebisha kwamba simulizi la wazee lilimpeleka mahali penyewe. Mwaka 1976 aliwaomba wazee Wahaya wayeyushe tena chuma. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 50 tangu waache, ikabidi wakumbushane, wakakosea, wakarudia, na chuma kikatoka. Mwaka 1978 yeye na mhandisi Donald Avery walichapisha katika jarida la Science maelezo ya jinsi tanuru hilo lilivyoipasha hewa moto kabla haijafika kwenye mkaa. Dunia ya wataalamu ilishtuka.

Kisha Katuruka ikasahaulika. Mti ulikatwa. Ukimwi, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, ulifyeka watu wa umri wa kupokea masimulizi, na wazee wakabaki kulea wajukuu. Lakini kuanzia mwaka 2008 wanakijiji wenyewe walikaa, wakaunda kamati, wakaamua kukusanya yaliyosalia. Walihoji wazee, na walipowafikia wanawake walipata masimulizi ambayo watafiti wa mwanzo, waliozoea kukaa na wazee wa kiume, hawakuyapata. Walijenga upya nyumba ya msonge ya ukumbusho wa mfalme. Wakaanza kupokea wageni. Hawakusubiri mfadhili awaambie urithi wao ni upi, na hilo ndilo ninaloliheshimu zaidi.

Bujora nayo, pale Kisesa nje kidogo ya Mwanza, ilianza na mtu mmoja aliyeamua. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alifika miaka ya 1950, akajenga kanisa lenye umbo la nyumba ya mtemi, akakusanya ngoma na vigoda vya watemi, na kuipa sikukuu ya Ekaristi mashindano ya ngoma, bulabo, ambamo vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hupambana mpaka leo kila Juni. Katika makumbusho yale imo nyumba ya mhunzi. Tazama ulinganifu: ni sikukuu ya kanisa inayowafanya vijana wajifunze ngoma, kama ilivyo sikukuu ya hekalu inayomfanya kijana wa Swamimalai ajifunze shaba. Makumbusho peke yake yangekuwa stoo ya vitu vya zamani.

Chato haina nyumba ya mhunzi. Ina uwanja wa ndege, ina barabara nzuri, ina hifadhi mbili jirani zinazoleta wageni wanaolala usiku mmoja na kuondoka asubuhi bila kujua wamelala katika nchi gani. Wakati huohuo ardhi inapinduliwa. Dhahabu ilirudi kwa kishindo tangu mgodi mkubwa wa Geita ulipofunguliwa tena mwaka 2000, na wachimbaji wadogo wamefika kila kilima. Mavi ya chuma yaliyosambaa Uzinza, yale mabonge meusi mazito yenye vitundu, hayana thamani kwa mtafuta dhahabu wala kwa mwenye shamba. Yanasukumwa pembeni, yanajazwa kwenye mashimo ya barabara. Kila rundo linaloondoshwa ni tanuru ambalo hatutajua tena lilikuwa wapi, lilitazama upande gani, na chini yake palizikwa nini. Sheria ya mambo ya kale tunayo tangu mwaka 1964. Inamsaidia tu yule anayejua kwamba anachokiona ni cha kale.

Ningependa halmashauri itenge eneo, iwaalike wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Bertram Mapunda amefanya kazi kubwa juu ya matanuru marefu ya Ufipa, na wapime mabaki ya Uzinza yote. Ningependa siku moja kila kiangazi tanuru lijengwe hadharani Chato na mivukuto ipigwe, wanafunzi wakihesabu muda na joto katika somo la kemia, na kwaya zetu, ambazo hazikosi, zitunge wimbo wa mivukuto usiomkwaza muumini yeyote.

Lakini kuna kazi isiyohitaji bajeti wala kibali cha mtu, nayo inaweza kuanza likizo hii ya shule. Mwanafunzi wa kidato cha tatu ana simu yenye kinasa sauti. Aende kwa babu yake amuulize mawe ya chuma yalichukuliwa kilima gani, mkaa ulichomwa kwa mti upi, nani aliruhusiwa kukaribia kambi na nani alikatazwa. Amuulize jina la fundi wa mwisho anayemkumbuka. Kisha aende kwa bibi yake, amuulize ni majembe mangapi yalitolewa alipoolewa mama yake, na nani aliyabeba.